Tuhamisheni, lakini tuambieni mapema: barua ya wazi kwa wakuu wa tiba jeshini

Waheshimiwa wakuu,

Nimeapa mara tatu maishani. Kwanza kiapo cha udaktari, kisha cha jeshi, na miaka michache baadaye cha ndoa. Viwili vya kwanza vina ofisi, mihuri na watu wa kunihoji nikivikiuka. Cha tatu hakina ofisi wala mlinzi, na ndicho kinachopata ufa kila mnapotia saini karatasi moja ndogo: amri ya uhamisho.

Mimi ni meja, bingwa wa upasuaji, nina miaka 14 kazini. Mume wangu ni raia, mfamasia. Tuna watoto wawili. Jina silitaji, na sababu mnaijua. Ofisa anayezungumzia mambo ya nyumbani hadharani huonekana hana nidhamu; anayeyazungumzia ofisini huonekana dhaifu. Ofisini nimeshajaribu.

Naomba kwanza niondoe dhana moja. Madaktari hatuondoki jeshini kwa kuogopa vita. Wenzangu wanne niliovaa nao gwanda siku moja wako uraiani sasa, na hakuna aliyeondoka kwa sababu ya risasi. Hata mshahara hawakuutaja kwanza. Walisema wamechoka kutojua: kutojua mwakani watakuwa wapi, mtoto atasoma wapi, mke ataajiriwa na nani, na wao wenyewe watakuwa wanapasua au wanahesabu magodoro.

Amri yangu ya mwisho ilinifikia Alhamisi saa nane mchana. Nilikuwa nimetoka kushona utumbo wa kijana aliyepinduka na gari la kikosi, na barakoa ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Nilitakiwa kuripoti kituo kipya ndani ya siku 21. Siku hizo zinatosha kufungasha masanduku. Hazimtoshi mume wangu, ambaye mkataba wake wa kazi unamtaka atoe notisi ya miezi mitatu. Hazimtoshi mtoto aliyebakiza wiki sita afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wala hazimtoshi mgonjwa wangu niliyemtolea kipande cha utumbo nje ya tumbo kwa muda na kumwahidi kwamba baada ya miezi mitatu nitamfungua tena niurudishe ulivyokuwa. Alifunguliwa na mtu mwingine, asiyejua nilikata wapi ila kwa kusoma mwandiko wangu. Mwandiko wangu mnaujua.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Nafasi niliyokimbizwa kuijaza ilikuwa inajulikana mwaka mzima kabla kwamba itakuwa wazi, kwa kuwa aliyeishika alikuwa anastaafu kwa umri. Tarehe ya kuzaliwa ya ofisa haijawahi kuwa siri ya kijeshi. Haikuwa dharura, basi. Faili lililala mezani miezi 11, kisha likaamka na haraka zake, na haraka hizo nikabebeshwa mimi, mume wangu na mtoto wa darasa la saba.

Tuligawanyika. Mimi nilitangulia, wao wakabaki hadi mtihani uishe, kisha mume wangu akaacha kazi. Hiyo ilikuwa mara ya tatu anaacha kazi kwa ajili ya cheo changu. Kwenye wasifu wake anaonekana mtu asiyetulia, na kila anapofanyiwa usaili swali ni lilelile: kwa nini unahamahama? Akijibu kwamba mkewe ni mwanajeshi, anayemhoji anatabasamu, anafunga daftari, kwa sababu ameshajua huyu naye hatakaa. Ukivuka mpaka wa mamlaka nyingine ya usajili, na leseni nayo inaanza upya. Marekani walichelewa sana kulitazama hilo, lakini wamelitazama: tangu Januari 2023 sheria ya nchi nzima inamwezesha mwanajeshi anayehamishwa, au mwenza wake, kutumia leseni ya taaluma aliyoipata jimbo moja akiwa jimbo jingine, kwa masharti fulani. Sheria kama hiyo haimpi mtu kazi. Inamwondolea kizingiti kimoja, na kwa aliyekwishaanza upya mara tatu, kizingiti kimoja si kidogo.

Kwenye hotuba za siku ya tiba mnapenda kututajia Ronald Ross. Ni haki yenu, alikuwa daktari wa utumishi wa kijeshi wa tiba nchini India chini ya Uingereza, na tarehe 20 Agosti 1897, akiwa Secunderabad, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Huwa mnaishia hapo, kisha tunapiga makofi. Sehemu inayofuata haisomwi: mwezi uliofuata alihamishwa, akaishia Kherwara, mahali ambapo wagonjwa wa malaria wa kumwezesha kuendelea walikuwa adimu. Mtu alikuwa ameshika ncha ya uzi ambao ulimwengu mzima ulikuwa unautafuta, ofisi ikamwambia funga mizigo. Ilibidi Patrick Manson, daktari bingwa wa magonjwa ya nchi za joto, akiwa London, amtetee ndipo mwaka 1898 akapelekwa Calcutta akamalize kazi kwa kuchunguza malaria ya ndege wa angani na mbu wanaoieneza. Mwaka 1902 akapewa Nobeli. Sisi wengine hatuna Manson.

Au mtazameni Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa. Mwaka 1880, katika hospitali ya kijeshi ya Constantine nchini Algeria, alikuwa mtu wa kwanza kuviona vimelea hivyo katika damu ya binadamu. Jeshi lake lilimlipaje? Lilimpandisha hadi kwenye ofisi za utawala, kusiko na mgonjwa wala maabara. Mwaka 1896 akaondoka jeshini, akaenda Taasisi ya Pasteur, na Nobeli ya mwaka 1907 ikamkuta huko, raia. Nadhani waliompa kile kiti walidhani wanamheshimu.

Hapo ndipo kilipo kiini cha barua hii, kwa sababu suala la familia na suala la kupanda cheo ni suala moja lenye milango miwili. Jeshini kwetu, kupanda ni kuondoka kwenye meza ya upasuaji. Ukiwa luteni na kapteni unatibu. Ukiwa meja unatibu huku unasaini. Zaidi ya hapo, kila nyota inayoongezeka begani inatoka na wagonjwa kadhaa mkononi. Mwaka jana niliitwa, kwa upole kabisa, nikaelezwa kwamba nafasi ya luteni kanali ipo: kusimamia vifaa na usafi wa kambi za kanda. Nikauliza kama kwenye nafasi hiyo kuna chumba cha upasuaji karibu. Afande aliyenihoji alinitazama kama niliyeuliza kama kuna bahari. Kazi hiyo siidharau. Majeshi mengi katika historia yamemalizwa na kuhara na homa kabla hayajamwona adui, na ofisa wa afya ya kambi huokoa watu wengi kuliko kisu changu. Lakini tuna madaktari waliosomea hiyo na wanaoipenda. Mimi mlinisomesha miaka mitano nyingine ya ubingwa ili nipasue.

Kanali anayepasua hana kiti kwenye chati yenu. Ndiyo maana anayetaka kuendelea kupasua hubaki meja mpaka nywele ziwe nyeupe, akipigia saluti vijana aliowafundisha kushika uzi. Halafu inapofika hesabu ya pensheni, ambayo hufuata cheo, familia yake inalipia uamuzi wake wa kubaki na wagonjwa. Tunaomba ngazi mbili: moja ya uongozi, nyingine ya utabibu, zote zikipanda hadi juu, zote zikilipa. Mtu achague, na akichoka upande mmoja avuke.

Mkono wa mpasuaji unachakaa usipotumika. Katika amani, wagonjwa wa jeshi ni vijana wenye afya: ngiri, kidole tumbo, goti lililoteguka kwenye gwaride. Kisha siku moja unashushwa mahali penye majeruhi wa bomu, miguu miwili imekatika, damu inatoka pasipoonekana. Waingereza wana jina la hali hii, wanaiita bonde la Walker, kutokana na Alasdair Walker, daktari wa jeshi lao la majini: ujuzi uliopatikana vitani kwa gharama ya maisha huporomoka vita vinapokwisha, na vita vinavyofuata huanza na majeruhi wanaokufa wakati tunakumbuka tulichokisahau. Mwaka 2009 Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Marekani, aliagiza majeruhi wa Afghanistan wafikishwe kwenye matibabu ndani ya dakika 60. Helikopta zikawahi. Lakini mwisho wa dakika ya 60 lazima pawe na mikono iliyozoea, na mikono haizoei kwa kusaini hati za magodoro. (Naona nimeyarudia magodoro. Niliyahesabu mwenyewe miezi minne, mtanisamehe.)

Uingereza ilipofunga hospitali zake za kijeshi, ya mwisho ikiwa Haslar iliyokoma kuwa ya kijeshi mwaka 2007, ilisambaza madaktari wake katika hospitali kubwa za raia. Birmingham ndiyo inayojulikana zaidi: tangu 2001 ina kituo cha kifalme cha tiba ya ulinzi, na madaktari wenye gwanda hupokea majeruhi wa ajali za barabarani na visu pamoja na wenzao raia. Walifunga kwa kubana matumizi zaidi ya hekima, na wapo waliolia hospitali zao zilipokufa. Hata hivyo tazameni kilichopatikana pembeni. Daktari aliyewekwa kwenye hospitali kubwa anakaa mji mkubwa. Mji mkubwa una kazi kwa mwenza wake. Una shule zaidi ya moja. Akihitajika vitani anakwenda, na akirudi anarudi palepale: meza ileile, nyumba ileile, mwalimu yuleyule wa mtoto. Kinachonoa mkono wa mpasuaji ndicho kinachotuliza nyumba yake. Ninyi mmezoea kuona mahitaji ya kikosi upande mmoja na mahitaji ya familia upande wa pili, kama mizani. Kwa daktari, mara nyingi viko upande mmoja.

Kuna suala la umri, na hili wanawake tunalibeba zaidi. Chukueni chuo kikuu cha tiba cha kijeshi cha Marekani kilichopo Bethesda, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mwanafunzi halipi karo, analipwa mshahara wa ofisa, na baadaye anadaiwa miaka 7 ya utumishi, ambayo haihesabu miaka ya mafunzo ya ubingwa. Aliyeingia na miaka 23 anamaliza chuo na 27, ubingwa wa upasuaji na 32, deni na 39. Sina ugomvi na deni, aliyesomeshwa alipe. Kwetu hesabu zinatofautiana kidogo lakini sura ni ileile: miaka tunayodaiwa na jeshi ndiyo miaka ya kuzaa na kulea, yote, bila kubakiza. Basi miaka hiyo ndiyo ipangwe mapema. Jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2022 liliamua mama aliyejifungua asipelekwe operesheni kwa miezi 12, ila akitaka mwenyewe. Mimi mtoto wangu wa pili nilimwacha akiwa na miezi mitano. Niliporudi alikuwa anatembea, akanipita mlangoni akamkimbilia baba yake. Si lazima mnionee huruma kwa hilo. Nawaambia ili mjue ni kitu cha namna gani kinachokaa kwenye fikra za mtu anapoletewa fomu ya kuongeza mkataba.

Na wale walioana wote wakiwa jeshini? Nawajua wawili, daktari wa usingizi na mpasuaji wa mifupa. Kwa akili ya kawaida hao ni timu, meza moja inawahitaji wote wawili. Mmewaweka vituo viwili mwendo wa siku nzima, na kila mmoja anamsubiri mwenzake wa kazi ambaye kituo chake hakina.

Kurudi kutoka operesheni ni kazi ambayo hatujafundishwa. Askari wa miguu wakirudi wanakaguliwa, wanahojiwa, wanatulizwa pamoja kama kikosi. Nani anawahoji? Sisi. Daktari huwa hana kikosi cha kurudi nacho. Mara nyingi amepelekwa peke yake kuziba pengo, na Jumatatu inayofuata yuko kliniki, foleni imefika mlangoni. Mganga hajigangi, wahenga waliliona hili bila utafiti. Mimi nilikaa miezi kadhaa nikiosha mikono nyumbani dakika nyingi mno, mpaka mwanangu mkubwa akauliza kama maji ya bafuni yana kasoro. Nilijua ninahitaji kuzungumza na mtu. Lakini mshauri wa saikolojia pekee kambini alikuwa anakunywa nami chai kila saa nne, na faili langu lingepita mikononi mwa karani ambaye mke wake nilimpasua. Zaidi ya hapo niliogopa leseni na niliogopa cheo. Tupeni mtu wa nje ya kambi, gharama zilipwe, na kilichosemwa kwake kisifike kwenye jalada la kupandishwa cheo. Naamini wengi wangekwenda kesho yake.

Jambo jingine hupita bila kusemwa. Tathmini yangu ya mwaka huandikwa na kamanda asiye daktari. Mwaka juzi alinitaka niwape ruhusa ya kuondoka na kikosi askari watatu ambao kwa maoni yangu hawakuwa fiti. Nilikataa. Hakunitukana, hakunigombeza. Tathmini yangu ilisomeka kwamba sina moyo wa kushirikiana. Larrey, mpasuaji mkuu wa jeshi la Napoleon, alishika msimamo kwamba majeruhi atibiwe kwa uzito wa jeraha, cheo kisiulizwe. Zaidi ya miaka 200 baadaye tunamfundisha darasani. Kisha tunampa mwenye cheo kalamu ya kuandika kama daktari anafaa au hafai. Kamanda aandike kuhusu nidhamu yangu na utayari wangu. Kuhusu utabibu wangu aandike daktari.

Sheria ya vita yenyewe inatutofautisha. Ibara ya 24 ya Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 inataka watumishi wa tiba wa jeshi waheshimiwe na kulindwa katika hali zote. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Tatu inasema tukikamatwa tusihesabiwe wafungwa wa vita. Tunaweza kubakishwa tu ili tuwahudumie wafungwa. Adui akinishika, basi, analazimika kutambua kwamba mimi ni daktari. Ofisi yetu ya utumishi bado.

Najua mtakalolijibu, maana nimelisikia: askari wa bunduki naye ana mke na watoto, naye anahamishwa, halalamiki. Analalamika. Mimi ndiye ninayempima shinikizo la damu, ananieleza mimi. Mkianza kumpa naye taarifa mapema nitafurahi zaidi. Tofauti ni kwamba daktari akichoka, hospitali za raia zinamsubiri nje ya lango, na akitoka anatoka na zaidi ya miaka 10 ya masomo ambayo hamwezi kuirudisha kwa tangazo la ajira. Wengine hata kutoka hukwama, kwa kuwa upasuaji walioufanya kwenye mahema haukuandikwa popote, na hospitali za raia zinataka daftari la kazi, tarehe, aina ya upasuaji, matokeo. Kumkwamisha mtu kwa kutomwandikia kazi zake si njia ya kumbakisha. Wekeni daftari hilo, linalotambuliwa na baraza la madaktari, mtu aweze kuondoka kwa heshima. Nina hakika wengi wakijua mlango uko wazi watakaa kwa utulivu zaidi.

Kuhusu uhamisho, ninachoomba kinaenea kwenye waraka wa ukurasa mmoja. Taarifa ya miezi sita pale ambapo hakuna dharura, na dharura iandikwe ni ipi na nani aliyeiita dharura. Uhamisho wa wenye watoto shuleni uangukie likizo ndefu. Kabla ya kusaini, ofisi ipige simu moja, imuulize ofisa: una wagonjwa gani mkononi, mwenza wako anafanya kazi gani, mtoto yuko darasa gani? Majibu yanaweza yasibadilishe chochote. Vita vikiwaka nitaondoka usiku uleule, na mume wangu anajua begi langu linakaa wapi. Ndiye hulipanga, kwa sababu mimi husahau soksi.

Fomu ya kuongeza mkataba nimeipokea wiki mbili zilizopita. Nimejaza jina, namba, cheo na tarehe ya kuzaliwa. Kwenye kisanduku cha "maoni ya ofisa" kuna mistari miwili, haikunitosha, ndiyo maana nimeandika huku. Mwisho wa kuirudisha ni siku ya mwisho ya mwezi ujao. Kama waraka huo mtauandika, naomba unifikie kabla ya hapo.

Wenu mtiifu,
Meja, daktari bingwa wa upasuaji